Picha ya Kimathi Aliyelala

Jicho ni mlango wa akili, lakini ni mlango usio na bawabu. Neno lipitapo sikioni hupimwa kwanza. Twauliza ni nani aliyelisema, amelisema kwa nini, na ushahidi wake ni upi. Picha haiulizwi maswali hayo. Huingia bila ya kubisha hodi, ikaketi, ikawa mwenyeji katika nyumba ambayo haikualikwa. Ndiyo sababu watu wengi husema, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha shinda hoja, kwamba picha haisemi uongo. Msomaji kijana, nakuomba uyatilie shaka maneno hayo. Picha yaweza isiseme uongo hata chembe, na bado ikakupoteza njia. Kwa kuwa kamera huonyesha kile tu kilichokuwa mbele yake, na mahali pa kuisimamisha huchaguliwa na mtu.

Nataka tuitazame pamoja picha moja, kisha nikutetee hoja moja juu yake. Haikupigwa mbali nasi. Mwanafunzi wa Endarasha akitoka darasani huiona safu ya Nyandarua upande wa machweo, na siku ya mbingu safi huuona Mlima Kenya upande wa macheo. Misitu ya milima hiyo miwili iligeuka uwanja wa vita baada ya Gavana Evelyn Baring kuitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Ndege za Harvard na Lincoln ziliangusha mabomu juu ya misitu hiyo hiyo ituleteayo mvua leo. Wapiganaji wa Mau Mau waliishi humo kwa miaka kadhaa, wakisakwa mchana na usiku.

Tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja baada ya tangazo lile, Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alipigwa risasi na askari wa polisi wa kabila katika ukingo wa msitu wa Nyandarua, akakamatwa. Alishtakiwa katika mji wa Nyeri kwa kosa la kuwa na bastola na risasi, akahukumiwa kifo mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa katika gereza la Kamiti, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Baina ya risasi na kitanzi kamera ilifika, na picha ikapatikana. Kimathi amelala. Mikono yake imetiwa pingu. Nywele zake ndefu zimesokotana. Macho yake yamefumbuka.

Serikali haikuiweka picha ya kukamatwa kwake katika kabati ikatulia. Iliichapa katika karatasi za matangazo zaidi ya laki moja, zikatawanywa kwa watu. Ujumbe wa karatasi hizo ulikuwa mfupi, hata asiyejua kusoma aliweza kuuelewa: huyu ndiye mliyemwita mkuu wenu, naye amelala chini. Picha hii, basi, ilizaliwa ikiwa silaha. Bunduki ilimlaza mtu mmoja. Picha ilikusudiwa kuilaza mioyo ya maelfu.

Itazame tena, uone namna silaha hiyo ilivyonolewa. Msitu wa Nyandarua ulikuwa na sifa duniani kabla ya vita, nayo ilikuwa sifa ya wanyama. Wageni walikwenda hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti, wakawatazame ndovu na vifaru wakija kunywa maji usiku. Na huko ndiko alikokuwa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki. Katika nchi kama hiyo kila mlowezi aliijua picha ya mwindaji. Mnyama amelala, mwindaji amesimama, na kamera yatazama kutoka upande wa mwindaji. Sasa yalinganishe maumbo. Yule afisa wa polisi aliyeongoza msako, Ian Henderson, alitoa kitabu mwaka 1958, na jina la kitabu hicho kwa Kiswahili ni kumwinda Kimathi. Jina na picha vilitoka katika wazo moja. Mtu hawindwi, anayewindwa ni mnyama. Ukikubali kwamba Kimathi aliwindwa, umekwisha kukubali, bila ya kuambiwa, kwamba hakuwa mtu.

Lakini mtu huyu aliyeonyeshwa kwa mfano wa nyara alikuwa amepata kuwa mwalimu. Huko msituni alishika kalamu pamoja na bunduki. Aliandika barua, akataka kumbukumbu za wapiganaji ziandikwe na zitunzwe. Baadhi ya karatasi hizo zilikuja kuchapishwa kitabuni mwaka 1987. Kamera haikuonyesha karatasi hata moja. Ilionyesha nywele.

Na tuzungumze juu ya nywele hizo, maana zatufundisha jambo kubwa kuhusu alama. Kwa aliyeieneza picha, nywele zilizosokotana zilikuwa alama ya ushenzi. Kwa mtazamaji wa leo ni alama ya miaka ambayo mtu aliishi bila ya kitanda, bila ya sabuni, na bila ya kusalimu amri. Nywele ni zile zile. Hapana hata unywele mmoja uliobadilika tangu mwaka 1956. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji. Pingu nazo ni hivyo. Wakati ule zilisema, amekamatwa. Leo zauliza: mtu aliyejeruhiwa, asiyeweza kusimama, azungukwaye na wenye bunduki, hutiwa pingu kwa hofu ya nini? Alama haina maana ya peke yake kama jiwe lilivyo na uzito wake. Maana yake hutoka katika mapatano baina ya picha na aitazamaye, na mapatano hayo yaweza kuvunjwa na kufanywa upya.

Tumesema juu ya kilichomo. Sasa tuseme juu ya kilichoachwa nje, kwani nusu ya picha yo yote ni kile isichokionyesha. Picha ya Kimathi haimwonyeshi askari aliyempiga risasi, ambaye alikuwa Mkikuyu kama yeye. Kwa hiyo yaficha kwamba vita vile viliingia ndani ya nyumba moja, vikamtenga ndugu na nduguye, na kwamba kidonda hicho ndicho kilichochelewa kupona kuliko vyote. Haiwaonyeshi watu zaidi ya milioni moja ambao, tangu mwaka 1954, waliondolewa katika mashamba yao wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa ua na kulindwa kwa silaha. Haiwaonyeshi wanawake waliochimba kwa lazima handaki la maili 50 ukingoni mwa msitu, likapandwa miti iliyochongwa, ili chakula kisiwafikie waliokuwa ndani. Haiwaonyeshi watu 1,090 walionyongwa kwa hukumu za mahakama katika miaka ile. Wangapi kati ya hao wajua nyuso zao?

Picha nyingine zilienezwa kwa bidii. Mwezi wa Januari 1953, katika Kinangop, ng'ambo ya pili ya Nyandarua, mlowezi mmoja na mkewe waliuawa pamoja na mtoto wao wa miaka sita. Magazeti yalichapa picha ya chumba cha mtoto huyo chenye damu, na vitu vyake vya kuchezea vimetapakaa sakafuni. Mauaji yale yalikuwa maovu, na mtu asiyehuzunika juu ya mtoto hana haki ya kumfundisha mwenziwe habari za vita. Lakini sikiliza swali langu. Walowezi raia waliouawa na Mau Mau katika vita vyote walikuwa 32, nao walipewa majina, nyuso na huzuni ya dunia. Waafrika waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu, wapiganaji na wasio wapiganaji, nao wakapewa hesabu. Mwenye kamera hana haja ya kusema uongo. Humtosha kuchagua ni machozi ya nani yapigwe picha.

Basi, ikiwa picha ya Kimathi ilizaliwa kwa nia mbaya, na ikiwa imeacha mengi nje, je, itupwe? Hapa ndipo ninapotengana na watu wengi, baadhi yao wazalendo wema. Wao husema, iondoeni picha hiyo vitabuni na ukutani. Ni aibu kumwonyesha shujaa akiwa amelala na pingu mikononi. Waonyesheni watoto sanamu. Wanaitaja sanamu ya Mtaa wa Kimathi mjini Nairobi, iliyofunuliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu shujaa anyongwe. Katika sanamu hiyo Kimathi amesimama. Amevaa mavazi ya kijeshi, ana bunduki mkono wa kulia na kisu mkono wa kushoto, na nywele zile zile zilizodharauliwa zimefanywa taji.

Naiheshimu sanamu hiyo, na kusimamishwa kwake kulikuwa haki iliyocheleweshwa. Katika nchi huru, Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku hadi mwaka 2003. Miaka 40 bendera yetu ilipepea juu ya katazo lililotungwa na mkoloni. Mtu aliyefichwa hivyo alistahili kusimamishwa mahali pa wazi. Lakini nasema, wala sirudi nyuma, kwamba sanamu peke yake ni mwalimu hatari. Yamwambia kijana kwamba vita ni kusimama wima na silaha mbili. Haimwambii habari ya njaa, ya baridi ya Nyandarua, ya kushukiana, ya kaburi lisilojulikana. Shaba haitoki damu. Kijana aliyelelewa na sanamu tu atavijua vita kwa fahari yake, na siku atakapoitwa na mchochezi wa mjini aende akampige jirani yake, hatakuwa na picha yo yote moyoni ya kumzuia.

Picha ya aliyelala yafanya kazi ambayo shaba haiwezi. Yaonyesha mwisho wa risasi, nao ni nyama ya mtu. Ilikusudiwa kuwatisha waliokuwa wakipigana. Sisi twaweza kuifanya iwashitaki wote wanaopenda vita. Nami nathubutu kusema kwamba, ikisomwa vema, hapana katika nchi hii ya milima picha ya kupinga vita ishindayo hiyo.

Utaniuliza, picha ya kupinga vita si ile yenye njiwa, au ua, au watu walioandamana? Dunia inayo picha moja mashuhuri ya namna hiyo, na kwa sadfa ilipigwa tarehe 21 Oktoba 1967, miaka kumi na mmoja kamili baada ya kukamatwa kwa Kimathi. Siku hiyo maelfu ya Wamarekani waliandamana hadi Pentagon, makao makuu ya majeshi yao, kupinga vita vya Vietnamu. Marc Riboud, mpigapicha wa Kifaransa, alimwona msichana wa miaka 17 akisimama mbele ya safu ya askari wenye singe, ameshika ua karibu na uso wake. Alama za picha hiyo ni nyepesi kuzisoma. Ua ni laini, singe ni kali; msichana ni mmoja, askari ni safu; yeye ana uso uonekanao wazi, na wao wamekuwa ukuta. Mtazamaji hana budi kuwa upande wa ua.

Ni picha nzuri, na ilifanya kazi njema. Lakini itie katika mizani ile ile tuliyoitumia hapo juu. Vita vilikuwa Vietnamu, na katika picha hiyo hapana Mvietnamu hata mmoja. Mashamba yaliyoungua na watoto waliokimbia moto wameachwa nje, kama wanawake wa handaki walivyoachwa nje kwetu. Ua huomba kwamba vita vikome; hushikwa na mtu ambaye vita havijafika mwilini mwake. Mtu aliyejeruhiwa haombi kitu. Hushuhudia. Dunia yahitaji picha zote mbili, ila watu wa nchi zilizopigwa mabomu wasikubali kufundishwa kwamba amani huonekana tu pale penye ua mkononi.

Kuna pingamizi jingine, nalo ni zito zaidi. Mtu ataniambia: Kimathi hakuwa mtu wa amani, alichagua vita, akaamuru, na watu wakafa. Wawezaje kumfanya alama ya kupinga vita? Jibu langu ni kwamba simfanyi malaika, wala historia haihitaji malaika. Tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji wa Mau Mau waliwaua watu wa mji, wanawake na watoto wakiwamo. Na kisasi kilichofuata kiliwaua wengine wengi. Mambo hayo ni kweli, na anayeyafuta katika habari za uhuru awaibia wafu haki yao. Lakini mtu haachi kuwa shahidi kwa sababu alishiriki jambo analolishuhudia. Aliyeungua ndiye ajuaye moto. Tena swali la nani alianza kuuwasha moto halijibiwi kwa kumtazama aliyelala. Hujibiwa kwa kuuliza ni nani aliyeitwaa ardhi, na ni nani aliyefunga kila mlango wa maneno hadi ukabaki mlango wa silaha. Picha haina mahali pa kuandika jibu hilo. Ndiyo maana kila picha ya vita yahitaji maandishi chini yake, na maandishi hayo ni kazi yetu.

Uone jinsi maandishi yalivyoweza kutenda pale ambapo kamera ilinyamaza. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha katika jumba la Hanslope Park mafaili ya utawala wake wa zamani, mamia kwa mamia kati yake yakiwa ya Kenya. Karatasi hizo zilitoa ushahidi wa mateso ya kambini ambayo hayakuwa na picha. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilisema Bungeni kwamba inasikitika, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Waliolipwa hawakuwa watu wa sanamu. Wengi walikuwa wanakijiji ambao hakuna aliyewahi kuwaelekezea kamera.

Pesa za mapatano hayo zilisaidia pia kujenga ukumbusho ulio Uhuru Park, Nairobi, uliofunguliwa tarehe 12 Septemba 2015. Nenda ukautazame siku moja, msomaji, maana umetengenezwa kwa busara kuliko makumbusho yetu mengi. Mpigananji wa msituni anapokea chakula kutoka kwa mwanamke, na nyuso zao hazielekeani. Kila mmoja ameangalia kwingine, ili akikamatwa na kuteswa asiweze kusema alimwona nani. Katika alama hiyo moja mna hofu, mna ukarimu, mna siri, na mna mwanamke aliyekosekana katika picha ya mwaka 1956. Shaba hapo imejifunza kusema jambo ambalo shaba kwa kawaida hulisahau.

Kwa hiyo nadai mambo mawili, nami nayadai kwa walimu na kwa wanafunzi pamoja. La kwanza, picha ya Kimathi aliyelala isiondolewe mbele ya macho ya vijana, wala isichapwe shatini kama pambo la mtu asiyejua alichokivaa. La pili, isionyeshwe kamwe bila ya maneno yake. Chini yake na iandikwe kwamba ilipigwa upande wa waliomkamata. Kwamba serikali iliitawanya picha yake ili kuvunja mioyo. Na kwamba wapo wengi waliokufa na kuteseka nje ya mipaka yake. Darasa lisilofanya hivyo, lau lina nia njema namna gani, laendelea kuigawa karatasi ile ya mwaka 1956.

Nawe, msomaji, jizoeze kuiuliza kila picha ya vita maswali matatu, iwe ya Nyandarua, ya Goma, ya Sudani au ya nchi yo yote itakayokufikia. Kamera ilisimama upande wa nani? Ni nani aliyeachwa nje? Na anayenionyesha leo anataka nitende nini? Asiyeuliza maswali hayo hutumiwa na picha kama askari atumiwavyo na amri. Anayeyauliza huwa mwamuzi wake.

Wenye nguvu walimlaza mtu wakidhani kwamba alalaye hanyanyuki tena. Hawakufikiri juu ya macho yale yaliyofumbuka. Kamera iliyoletwa kumtazama Kimathi iliyachukua macho yake pia, na tangu siku hiyo yeye ndiye atutazamaye. Vita husifiwa na walio mbali navyo. Aliyelala chini huviita kwa jina lake.